Dawa za TB zimeisha na makohozi ni safi, mbona pumzi haitoshi?

SWALI: Nina miaka 36, naishi Umoja, Nairobi. Nilimaliza dawa za TB za miezi sita mwaka jana, makohozi yakapimwa yakawa safi. Lakini nikipanda ngazi kwenda nyumbani orofa ya nne, lazima nisimame orofa ya pili nipumue kwanza. Eksirei inaonyesha kovu na kishimo upande wa juu wa pafu la kulia. Daktari aliniambia bakteria walishakufa, ila kinga yangu mwenyewe ndiyo iliyoniumiza. Sikuelewa. Jirani anasema ninunue dawa za kuongeza kinga. Mwenye kemisti naye anasema prednisolone itayeyusha kovu. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, usimsikilize jirani wala mwenye kemisti. Daktari wako alisema kweli, ila sentensi moja haitoshi kwa jambo kama hili, na pengo aliloliacha ndilo hao wawili wanalojaribu kulijaza.

Mapafu mawili ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 300 hadi 500. Ukuta unaotenganisha hewa na damu kwenye vifuko hivyo ni mwembamba mno: sehemu kubwa yake haifiki maikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), ilhali seli nyekundu ya damu inayopita kandokando yake ina upana wa maikromita 7 hivi. Kinachoushikilia usichanike kila unapovuta pumzi ni tishu unganishi, yaani nyuzi za kolajeni zinazoupa nguvu na nyuzi za elastini zinazoufanya utanuke kisha urudi. Nyuzi hizi hufumwa na seli ziitwazo fibroblasti. Lakini fibroblasti haijiamulii kazi. Ifume kiasi gani, wapi, na iache lini, sehemu kubwa ya amri hizo hutoka kwa seli za kinga, hasa makrofaji (zinazomeza vijidudu na mabaki), neutrofili (zinazowahi kwenye jeraha) na seli T (zinazoelekeza nyingine). Na seli hizohizo za kinga pia zina vimeng'enya vya kukata nyuzi zilizochakaa. Kukata na kufuma huendelea polepole maisha yote, hata kwa mtu mwenye afya njema. TB huvuruga kazi zote mbili.

Tuanze na ukataji, kwa kuwa ndio uliokuachia kishimo.

Kolajeni ya aina ya kwanza, ambayo ndiyo nguzo ya pafu, ni nyuzi tatu zilizosokotwa na kubanana kiasi kwamba vimeng'enya vingi vya mwili haviwezi kuigusa. Vinavyoweza ni vichache, na vinaitwa kolajenasi. Makrofaji zilizovamiwa na bakteria wa TB, pamoja na seli za utando wa mirija ya hewa zinazopokea ujumbe kutoka kwao, hutoa kolajenasi iitwayo MMP-1. Neutrofili huja na ya kwao, MMP-8, ikiwa imeshawekwa akiba ndani ya seli tayari kumwagwa. Kolajenasi haitafuni uzi ovyo. Hukata mahali pamoja tu, penye robo tatu ya urefu wake, na hapo msokoto huachia: vile vipande viwili haviwezi kustahimili joto la kawaida la mwili, hufumuka vyenyewe na kuwa jelatini, kisha kimeng'enya kingine, MMP-9, huvimalizia. Hata mabaki ya mwisho yana athari. Baadhi yake ni vipande vya asidi amino tatu tu, prolini, glisini na prolini, ambavyo neutrofili huvipokea kama wito. Zinakuja nyingine, zinamwaga vimeng'enya zaidi, vipande vinaongezeka na wito unazidi. Kidonda kinaendelea kupanuka kwa sababu ya waliokuja kukishughulikia.

Bakteria wa TB mwenyewe hajulikani kuwa na kimeng'enya cha kuikata kolajeni hiyo. Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye wodi yoyote ya kifua hapa mjini. Mtu anayeishi na HIV ambaye CD4 zake, yaani seli T ambazo HIV huziua, zimeshuka chini ya 200 anaweza kuwa na bakteria tele mwilini, na bado eksirei yake isionyeshe kishimo hata kimoja. Bakteria wapo, kinachopungua ni seli T za kuchochea ukataji. Akianza ARV na CD4 zikapanda, hali ya kifua inaweza kuwa mbaya zaidi kwa wiki kadhaa ingawa bakteria wanazidi kupungua, kwa kuwa kinga imerudi na hasira zake. Hii haifanyi kinga kuwa adui. Mtu huyohuyo asiye na vishimo ndiye aliye hatarini zaidi TB isambae hadi kwenye utando wa ubongo. Kishimo chako ni gharama ya vita ambavyo mwili wako ulishinda.

Elastini ndiyo hasara isiyolipika. Mwili huitengeneza zaidi kabla ya kuzaliwa na utotoni, na ile uliyojaliwa inatakiwa ikufikishe uzeeni. Neutrofili hubeba kimeng'enya cha kuikata, elastasi, na ini hutengeneza protini ya kukizuia, alfa-1 antitripsini. Moshi wa sigara huiharibu protini hiyo kwa kuioksidisha, kwa hiyo anayevuta sigara huku ana TB anaziachia neutrofili zikate bila kizuizi. Kwa wasiovuta nasema machache tu hapa: moshi wa makaa na wa mafuta taa nao huita makrofaji na neutrofili pafuni, siku baada ya siku.

Sasa ufumaji. Neutrofili huishi muda mfupi, saa hadi siku chache. Zikifa, makrofaji huzimeza, na makrofaji ikishameza maiti hizo hubadilika tabia: inapunguza ujumbe wa vita na kuanza kutoa amri za ukarabati. Amri yenye nguvu kuliko zote inaitwa TGF-beta. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba makrofaji zinazosukuma kovu zaidi si zile zilizokaa pafuni tangu utotoni, bali zile zilizotoka kwenye uboho zikiwa changa (monosaiti) na kuingia pafuni baada ya jeraha. Zikiondolewa hizo, kovu hupungua. Seli T nazo zina usemi. Zile zinazotoa ujumbe uitwao interferoni-gama huwa zinazuia kolajeni isizidi; zile zinazotoa ujumbe wa IL-4 na IL-13 huichochea; zile za IL-17 huita neutrofili na kurudisha ukataji.

Fibroblasti ikipokea TGF-beta hugeuka kuwa myofibroblasti, seli yenye protini za kujikaza kama za msuli. Inafuma kolajeni nyingi, inashika nyuzi na kuzivuta pamoja. Kimeng'enya laisili oksidasi kinafuata nyuma kikizifunga nyuzi hizo kwa viungo vya kudumu. Kidonda kikipona vizuri, myofibroblasti hufa kazi ikiisha na nyuzi za ziada huondolewa. Kwenye TB iliyodumu miezi kabla ya kugunduliwa, mara nyingi hilo halitokei, na sababu yake ndiyo kiini cha jibu langu.

TGF-beta nyingi haielei huru. Imelala ndani ya tishu ikiwa imefungwa kwenye protini nyingine, na huamka pale seli inapoivuta protini hiyo hadi ikaachia. Tishu ikiwa laini, ukivuta, kila kitu kinasogea pamoja na hakuna kinachofunguka. Ikiwa ngumu, protini inabanwa upande mmoja na kuvutwa upande mwingine, na TGF-beta inatoka. Ugumu wa pafu zima lenye afya ni kilopaskali (kipimo cha ugumu) 1 hadi 3 hivi. Sehemu yenye kovu hupita 15 bila shida. Fibroblasti inayokaa juu ya tishu ngumu namna hiyo hupokea amri kutoka kwenye kovu lenyewe. Kwa maneno mengine, seli za kinga ziliwasha kazi, lakini kovu likishakomaa linaweza kujiendesha hata seli hizo zikitulia.

Ndiyo maana prednisolone haitaliyeyusha. Dawa hiyo hutuliza seli za kinga. Haina namna ya kukata viungo vya kolajeni vilivyokwisha kufungwa. Inasaidia pale ambapo seli za kinga bado zinashambulia, kwa mfano kwenye sakoidosisi, ugonjwa ambao seli za kinga hujikusanya mafungu mafungu pafuni, au kwenye mapafu ya mfugaji aliyeathirika na vumbi la njiwa au kuku. Daktari akiangalia CT skani hutafuta tofauti hiyo. Sehemu zenye ukungu mwepesi mara nyingi huashiria kwamba seli za kinga bado zinashambulia. Mistari mizito iliyovuta mirija ya hewa na kuipinda ni kovu lililokomaa. Kwa TB ya mapafu, prednisolone haitolewi kwa kawaida, tofauti na TB ya utando wa ubongo ambako inaokoa maisha. Na ukinywa bila kuandikiwa unajiweka pabaya: inaweza kuamsha bakteria wachache waliolala, inaficha homa ambayo ingekuonya, inapandisha sukari, na kama una minyoo aina ya strongiloidi inaweza kuwaachia wasambae mwili mzima. Ikiwa ulishaanza kunywa na wiki tatu zimepita, usiache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zitakuwa zimelala, na kuacha kwa mkupuo kunaweza kukuangusha kwa kushuka kwa presha. Nenda kwa daktari akupunguzie dozi hatua kwa hatua.

Kuhusu dawa za kuongeza kinga, swali langu kwa jirani ni moja: aongeze ipi? Kinga si maji ya tangi, kwamba yakipungua unajaza. Ukiongeza neutrofili umeongeza ukataji. Ukiongeza makrofaji za ukarabati umeongeza kovu. Bahati nzuri, au mbaya kwa mfuko wako, bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina hilo mjini haziongezi chochote. Vitamini C kweli inahitajika ili kolajeni isokotwe vizuri, lakini mapera mawili au machungwa mawili kwa siku yanatosha. Kuzidisha hakubadilishi kovu.

Kuna funzo kutoka ugonjwa mwingine wa makovu ya mapafu, IPF, ambao chanzo chake hakijulikani na hauhusiani na TB. Huko wataalamu walijaribu pande zote mbili. Walipoishusha kinga kwa prednisone (ndugu wa prednisolone) na azathioprine, pamoja na dawa ya N-acetylcysteine, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha vifo na kulazwa hospitalini kukiongezeka, na utafiti ukasimamishwa mapema. Walipowapa wagonjwa interferoni-gama, ile ile inayozuia kolajeni kwenye maabara, matokeo ya mwaka 2009 hayakuonyesha faida ya kuongeza maisha. Dawa mbili zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014, pirfenidone na nintedanib, zinalenga zaidi upande wa fibroblasti, na hata hizo hupunguza tu kasi ya kovu, hazilifuti. Usiende kuziulizia kwa ajili ya kovu la TB, hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo na bei yake inaumiza.

Jambo moja linalonipa matumaini kidogo: dawa ya kawaida, doxycycline, huzuia vimeng'enya vya MMP. Utafiti mdogo wa Singapore uliochapishwa mwaka 2021, wenye wagonjwa 30, uliwapa baadhi yao doxycycline kwa siku 14 pamoja na dawa za TB, na vimeng'enya hivyo vikapungua. Lakini hao walikuwa mwanzoni mwa matibabu, ukataji ukiwa umepamba moto. Wewe ukataji umeshapita. Usiinunue.

Sasa la kufanya. Kwanza hakikisha TB haijarudi. Ukipimwa GeneXpert tena, mwambie mhudumu kwamba ulitibiwa mwaka jana, kwa kuwa mashine husoma vinasaba na inaweza kuonyesha mabaki ya bakteria waliokufa. Jibu la kuaminika zaidi kwako ni kuotesha makohozi maabara. Majibu hasi husubiriwa hadi siku 42.

Pili, omba kipimo cha spairometa, kinapatikana kwenye kliniki za kifua za hospitali kubwa. Eksirei inaonyesha umbo la jeraha tu. Spairometa ndiyo inayosema pumzi inakwamia wapi. Utavuta pumzi hadi mwisho, utapuliza kwa nguvu zako zote bila kukatiza kwa sekunde 6 au zaidi, na kurudia angalau mara tatu. Majibu mawili bora yasipishane kwa zaidi ya mililita 150. Yakipishana, aliyepima akurudishe. Kisha utapewa salbutamol, dawa ya kutanua mirija, mikrogramu 400, yaani mipulizo minne ya 100 kupitia spesa (kopo linaloungwa kwenye pampu), usubiri dakika 15, upulize tena. Hapa ndipo wengi hushangaa. Kovu la TB linaweza kulifanya pafu liwe dogo na gumu, linaweza kuziba mirija kama ilivyo kwa mwenye pumu sugu, au yote mawili. Ikiwa hewa inayotoka sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya yote uliyopuliza hata baada ya salbutamol, mirija imebana, na pampu ya kutanua mirija inaweza kukupa nafuu unayoihisi kwenye ngazi. Pampu yenye steroidi ni suala jingine: huongeza hatari ya nimonia, kwa hiyo isiwe ya kwanza kushikwa.

Oksijeni ipimwe ukiwa umekaa na ukiwa unatembea, kwa kuwa oksimita ya kidoleni inaweza kusoma vizuri kwenye kiti na kushuka baada ya dakika sita za kutembea. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa kama moja ya tano. Kwa hiyo oksijeni ya asilimia 95 hapa si tatizo. Ikikaa 88 au chini yake umepumzika, hiyo ni safari ya hospitali. Ukisafiri Pwani ukahisi umepona ghafla, sababu ni hewa ya chini hiyo, kovu lipo palepale.

Dawa yenye ushahidi mzuri kuliko zote haiuzwi kemisti: mazoezi ya mapafu yaliyopangwa, siku tatu kwa wiki kwa wiki 6 hadi 8. Kovu halitapungua, ila misuli ya miguu itajifunza kuitumia vizuri zaidi oksijeni iliyopo, na pumzi inayobaki itakutosha. Anza na kutembea dakika 10 mahali tambarare asubuhi kabla moshi wa matatu haujazidi, ongeza hadi 30. Kiwango sahihi ni pale unapoweza kusema sentensi fupi lakini huwezi kuimba. Kwenye ngazi, toa pumzi kupitia midomo iliyobanwa unapopanda vidato viwili, vuta ukisimama. Simama kabla hujaishiwa. Ukingoja hadi uhemee, hewa hubaki imenaswa ndani na mapumziko yanakuwa marefu zaidi.

Ikiwa unatoa makohozi kila siku, huenda mirija imevutwa na kovu ikapanuka, na makohozi hutuama humo na kuziita neutrofili upya. Yatoe mwenyewe dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni: pumzi tulivu kadhaa, pumzi tatu za kina ukizishikilia sekunde tatu, kisha hema kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama unayeweka ukungu kwenye kioo. Kwa jeraha la juu ya pafu kama lako, kaa wima. Sehemu hiyo humwaga makohozi kwa uzito wake, huna haja ya kulala kichwa chini.

Jiko la makaa lisiwake ndani. Kama ni lazima, liwashwe nje hadi moshi uishe, ila kumbuka gesi ya monoksidi ya kaboni haina moshi wala harufu, kwa hiyo dirisha libaki wazi. Uliza pia chanjo ya mafua na ya nimokoka, bakteria wa nimonia.

Kishimo chenyewe kinahitaji jicho. Kuvu aina ya aspergilasi hupenda kuota ndani ya vishimo vya TB vya zamani, na huleta kikohozi, kukonda na damu kwenye makohozi, mambo ambayo mara nyingi huitwa TB iliyorudi na mtu akarudishwa kwenye dawa za TB bure. Kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya kuvu hiyo, pamoja na CT skani, ndivyo vinavyotofautisha. Matibabu ya kawaida ni itraconazole miligramu 200 mara mbili kwa siku, si chini ya miezi sita, na haifanyi kazi ipasavyo ikinywewa pamoja na rifampicin, kwa kuwa rifampicin huishusha sana kwenye damu. Ukikohoa damu, hata kijiko kimoja, nenda ukaonwe siku hiyohiyo. Ikifika nusu kikombe, nenda idara ya dharura, na njiani lalia upande wa kulia, upande wenye jeraha, ili damu isiingie pafu la kushoto lenye afya.

Na uitunze eksirei uliyopigwa mwishoni mwa matibabu, usiiache hospitalini. Kovu ambalo halijabadilika kwa mwaka halimpi daktari wasiwasi; ukuta wa kishimo ulionenepa, au kitu kinachoning'inia ndani yake ambacho hakikuwepo, huonekana tu mtu akiziweka picha mbili kando kwa kando.